Sekunde Kumi

Jumamosi usiku niliipandisha seva, mfumo mpya juu ya wa zamani.
Ofisini Tukuyu nilikuwa peke yangu, na mvua juu ya bati
kama mtu anayemwaga mahindi na gunia haliishi.
Kila iliponiuliza, nilibonyeza Ndiyo.
Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.
Ikazima, ikawaka. Nikajipongeza
kwa ndizi mbili za kuchoma zilizokwisha kupoa,
nikafunga mlango.

Jumatatu, kabla jua halijapasua ukungu,
simu ya Tupokigwe kutoka kituo cha Mwakaleli:
"Kaka, mzani umelala."
Anapandisha gunia, anabonyeza,
kioo kinamtazama.
Sekunde kumi.
Kisha kinapokea kilo zake kana kwamba hakuna kilichotokea.
Gunia la pili: kumi.
La tatu nikahesabu naye kwa sauti, kumi,
si tisa, si kumi na moja.

Na chai haijui kungoja.
Ukiibana guniani inapata joto lake yenyewe,
majani yanageuka shaba pembeni,
na kiwanda hakinunui shaba.

Nilishuku kila kitu isipokuwa kidole changu.
Diski: imetulia.
Nyaya: nilizichomoa, nikazipuliza, nikazirudisha.
Nikaingia ndani ya hifadhidata, nikaiuliza
jumla ya majani ya mwezi mzima, vituo vyote tisa;
ikanijibu kabla sijapepesa.
Kumbe hazembei kazini huyu.
Anazembea mlangoni.

Meneja Mwambeso alisimama nyuma ya kiti changu
na kikombe chake cha tangawizi.
"Ulichokipandisha, si ukishushe?"
Sikumjibu. Nilikuwa nasoma mistari midogo,
mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele.

Nikamwona.
Kila mzani unapobisha hodi, seva haitosheki na namba.
Inataka jina. Inatuma mtu akaulize:
huyu wa kumi na nne ni nani, wa kwa nani?
Na anayeulizwa ni ile mashine ya kijivu
tuliyoizima Januari,
iliyolala stoo chini ya mifuko ya mbolea,
panya wamezaa ndani yake.
Inauliza. Inangoja sekunde tano.
Inauliza tena, kwa adabu ileile. Tano.
Ndipo inakata tamaa
na kumpitisha mgeni bila jina.

Nikampigia Ambakisye, aliyekuwa na kiti hiki kabla yangu.
Akataka kujua nimelalaje, na nyumbani wamelalaje,
na mvua je, na yule ng'ombe wa mjomba je,
nami nikawa naitikia, ndaga, ndaga,
macho kwenye saa, foleni ya Mwakaleli kifuani.
Nikacheka peke yangu. Akauliza nacheka nini.
"Majina ya mizani," nikasema.
"Si yapo? Niliyaandika kwenye faili, humohumo ndani.
Juu kabisa niliweka: *usifute*."

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Tuliyaandika upya, yeye akitaja, mimi nikigonga:
Mwakaleli, Kandete, Masoko, Suma,
mstari kwa mstari, vituo tisa,
na juu kabisa nikarudisha neno lake,
nikaongeza la kwangu: *tafadhali*.
Ile anwani ya marehemu nikaitoa.

"Jaribu," nikamwambia Tupokigwe.
Nikasikia gunia likitua,
na papo hapo mlio wa mzani,
na mtu nyuma yake akisema, "Heee!"

Meneja alikwisha ondoka. Kikombe alikiacha juu ya seva,
nikakishusha.

Jioni nikafungua hesabu za siku.
Kilo kumi na saba za Bi Nsajigwa, daraja la pili.
Bi Nsajigwa hajawahi kuchuma daraja la pili.
Nimekaa natazama ule mstari.
Kuubadilisha ni kazi ya sekunde moja,
na ruhusa ya kuubadilisha sina.